Zamu Yangu Ilikwama Kwenye Mac

Mume wangu Murray alikuwa hospitalini mjini Hobart akisubiri kupasuliwa moyo Jumatatu, na kitu pekee alichoniomba nimpelekee ni mchezo wetu wa sataranji. Si pajama wala biskuti. Tangu watoto wahame, mmoja wetu akiamka husogeza kete moja kwenye kompyuta, anahifadhi, kisha anamwachia mwenzake. Michezo yetu yote imo kwenye faili zinazofunguliwa na programu moja tu, ya bure, inayotunzwa na watu wanaojitolea. Zamu ilikuwa yangu.

Nami kwa kiherehere changu nilikuwa nimenunua kompyuta mpya ya Mac na kuigawa ile kuukuu. Programu ikagoma. Watunzaji wake walikuwa wameandika, kwa upole wa kuudhi, kwamba mwenye mashine mpya aijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda. Nikaandika amri walizotoa. Makosa yakamwagika kwenye skrini mpaka macho yakaniuma. Nikafuta, nikaanza upya, yakamwagika yale yale. Niliitukana ile mashine kwa maneno ambayo mama yangu hakujua kama ninayajua.

Jumamosi mchana nikaenda kumwona mikono mitupu.

"Umecheza?" Murray akauliza.

"Bado. Programu haijengeki."

"Mbona kabla hujaanza kushindwa ilikuwa inafunguka?"

"Nani anashindwa?"

"Wewe, bibi. Ngome yako imebanwa kwenye kona. Sema tu unanikimbia."

Sikukumbuka ngome yangu ilikuwa wapi, na hilo ndilo lililonichoma. Niliendesha gari kurudi nyumbani kwa hasira. Kumbe mume wangu angeingia chumba cha upasuaji akiamini nimemkimbia.

Nikampigia Trudi, katibu wa klabu yetu ya sataranji, ambaye hujenga programu kama wengine wanavyofuma sweta.

"Nisomee kosa," akasema.

Nikamsomea mstari wa chini kabisa.

"Huo achana nao, shoga. Makosa yanazaana. Panda juu unisomee la kwanza."

Nikapanda, nikapanda. "Linasema faili fulani imetengenezwa kwa aina nyingine ya mashine."

Akauliza, "Vitu vya Mac ya zamani ulivihamisha vipi?"

"Vyote kwa mpigo. Iliniuliza, nikakubali."

"Basi umehamia nyumba mpya na panya wa nyumba ya zamani."

Kumbe ndivyo. Vifaa vya kujengea programu vya mashine kuukuu vilihama pamoja na picha za wajukuu, na kila nilipoanza kujenga, Mac ilivishika hivyo kwanza. Trudi akanielekeza nivifute, niweke vipya vinavyoifaa mashine hii. Hata hapo iligoma tena kwa sababu nilisahau kusafisha mabaki ya jaribio lililopita, naye akanicheka bila haya. Jumapili jioni programu ikafunguka.

Na ngome yangu ilikuwa imebanwa kwenye kona. Popote nilipotazama, nilikuwa nimekwisha. Wikendi nzima ya kung'ang'ana, ili nione ninavyochapwa.

Jumatatu asubuhi nikamwekea Murray Mac mapajani, nikamsogeza mfalme wangu mbele ya macho yake, hatua pekee iliyobaki. Akatazama ubao muda mrefu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Kwa hiyo kweli ilikuwa mashine," akasema.

"Ilikuwa mashine. Haya, nimalize. Ni hatua moja tu."

Wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu. Murray akahifadhi mchezo bila kugusa kete, akaifunga Mac, akanirudishia.

"Ni zamu yangu," akasema. "Usiguse kitu mpaka nirudi."

Wakamsukuma wakaondoka naye. Nilibaki nimeikumbatia ile mashine kwenye korido, nimemkasirikia kwa kutocheza, na nikiomba nishindwe.