Gauni la Imogen Thirlby

Mzee Wambura alikuwa mwongo, na aliyesema hivyo hakuwa amemwonea. Wakongomani wa kanisani kwao, New Hope, aliwaambia kwamba baridi ya mwaka wake wa kwanza Minnesota, Marekani, iligandisha chafya yake hewani, akaiokota na kuitupa kwenye pipa. Mamba wa Mto Mara nao waliwahi kumrudishia kofia. Watu walicheka, wakamwongezea chai, naye akaongeza mamba.

Lakini kisa kimoja kilikuwa kweli tupu, na hicho ndicho kilichomponza. Krismasi iliyopita mjukuu wake Maureen, wa miaka kumi na tano, alimwambia kwa Kiingereza chake cha shuleni kwamba amechoka kufanywa mtoto. Ampe jambo moja tu la kweli. Wambura akaweka kikombe chini, akampa.

Mwaka 1968 Waingereza walikuja Mara kupiga filamu. Yeye alikuwa kijana mwembamba wa kubeba masanduku ya kamera. Mwigizaji wao, Imogen Thirlby, msichana ambaye bado hakuna aliyemjua, alitakiwa avuke mto peke yake. Alipowaona mamba akakaa chini, akagoma. Jua nalo linashuka. Basi wakamvika Wambura gauni lake na nywele bandia nyekundu, wakampaka poda shingoni na mikononi mpaka akafanana na andazi lililogaragazwa kwenye unga, akavuka yeye, kamera ikimfuata kwa nyuma.

"Mgongo ule unaouona kwenye filamu," alimaliza, "ni wa babu yako."

Maureen alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha. "Babu, nilikuomba kitu kimoja tu." Akaingia chumbani kwake, na tangu siku hiyo hakumwuliza tena lolote.

Kwa hiyo, lilipotoka tangazo kwamba Imogen Thirlby, yule aliyeigiza mpelelezi kila Jumapili kwenye televisheni kwa miaka ishirini, angekuja kwenye jumba la sinema huko Hopkins, filamu ile ionyeshwe na yeye azungumze, Wambura alianza kupiga suti pasi tangu Jumatano. Jumamosi mchana binti yake Teresa akawaendesha.

"Baba, usije ukasimama ukahutubia," Teresa alimwonya.

"Nihutubie nini? Nakwenda kusalimiwa."

Ndani ya jumba, mgongo ukavuka mto kwenye skrini kubwa. Wambura alimgusa Maureen kwa kiwiko. Maureen hakugeuka.

Taa zikawaka, bibi mwenye nywele nyeupe akapanda jukwaani na mkongojo wake. Mtu akamwuliza kuhusu mto. Alisubiri mpaka watu wakaacha kukohoa. Kisha akaeleza jiwe lililopinduka na kumchana unyayo. Kiatu cha kulia kilivyochukuliwa na maji. Alivyohesabu hatua, arobaini na moja, kwa kuwa anayehesabu hapati nafasi ya kupiga kelele. Kazi yangu yote, alisema, filamu, televisheni, nishani, ilianzia kwenye hatua zile.

Hatua arobaini na moja alizihesabu Wambura, kwa Kikurya. Alipotoka majini anatetemeka, msichana yule alimfunika blanketi, akapiga magoti mbele yake, akamwuliza kila kitu: jiwe lilikuwaje, alihesabu nini, woga ulikaa sehemu gani ya mwili. Akaandika kwenye kidaftari. Kijana akadhani ni huruma.

Watu wakasimama, wakapiga makofi. Maureen naye akasimama.

Kwenye foleni ya kusainiwa picha, zamu yao ilipofika, Wambura aliinama mezani, akasema kwa Kiingereza cha taratibu, "Kilikuwa cha kushoto, mama. Kiatu kilichokwenda na maji."

Kalamu ikasimama. Bibi akamtazama usoni, kisha mabegani, kama fundi cherehani anayekumbuka vipimo. Midomo ikafunguka kidogo. Halafu akamwona Maureen, akaiona foleni nyuma yao na simu zilizoinuliwa, akavaa lile tabasamu la Jumapili.

"Namkumbuka huyu," alimwambia Maureen, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. "Alitubebea masanduku. Hakuangusha hata moja."

Watu wakapiga makofi tena, safari hii ya Wambura.

Garini Maureen aliketi nyuma pamoja naye, akamshika mkono. "Kumbe ulikuwepo kweli," alisema, tena kwa Kiswahili, pole pole, akitafuta maneno. "Nisamehe, Babu. Nilidhani umetunga yote."

"Hata mimi," alisema Teresa kutoka kwenye usukani.

"Masanduku yalitosha, Babu. Gauni uliliongeza la nini?"

Wambura alikuwa amekwisha kulegeza kamba za buti la kushoto, amwonyeshe kovu la lile jiwe. Mkono wa mjukuu ulikuwa bado juu ya wake, na haukuwa umekaa hapo tangu Krismasi. Kwa mkono wa pili akazikaza kamba.

"Nilitia chumvi tu," alisema. "Unamjua babu yako."