Jiwe Lililopewa Jina la Alfajiri

Jina la jiwe lile silitaji. Mdomo wangu umeligomea. Anayetaka kulijua akasome ukutani pale kwenye kituo chetu cha nyota, limeandikwa kwa herufi za shaba chini ya picha ya mume wangu, naye anatabasamu kana kwamba amelizaa.

Nililiona mimi. Yeye usiku alipiga picha za anga kwenye vioo vilivyopakwa dawa ya picha, mimi mchana nikazikagua kwa mashine inayoonyesha kwa zamu picha mbili za sehemu moja zilizopigwa nyakati tofauti: hii, ile, hii, ile. Nyota hutulia tuli. Kinachohama huruka. Asubuhi moja doa dogo likaruka, nikapiga kelele hadi mfagizi akaja mbio na ufagio wake. Ilikuwa asteroidi, mojawapo ya miamba inayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii.

Kituoni kwetu mgunduzi alihesabiwa kuwa ni aliyepiga picha. Kwa hiyo mgunduzi akawa yeye, na haki ya kulipa jina ikawa yake.

"Usinune, mama watoto," aliniambia. "Nitalipa jina lako."

Mawe ya ukanda ule tuliyapa majina ya wanawake wa visasili, na enzi za uchumba alikuwa akiniita kwa jina la mungu wa kike wa mavuno. Hilo ndilo aliloniahidi. Jina halitolewi mpaka njia ya jiwe ijulikane barabara, basi nikakaa miaka nikilipima na kulipigia hesabu, mgongo ukiniuma. Sikulalamika.

Siku ya kutangaza nilivaa gauni jipya. Mkuu wa kituo akasoma: jina la mungu wa kike wa alfajiri. Ukumbi ukapiga makofi, watu wakisifu usomi wa mume wangu. Mimi sikupiga. Jina hilo nilishalisikia jikoni kwangu, akilinong'ona kwenye simu, akidhani maji ya bomba yameniziba masikio. Ndivyo alivyomwita katibu muhtasi wa kituo, ambaye sasa alikuwa amekaa safu ya mbele, macho chini, akichezea bangili.

Nyumbani nilimuuliza.

"Ni jina tu," akasema. "Na likishapitishwa halibadilishwi."

Yule binti naye hakudumu. Alipata kazi kwingine, akaolewa hukohuko. Mimi nikabakiwa na mume na kikohozi chake.

Tangu siku ya jina sikulipima tena jiwe lile, na hakuna mwingine aliyejihangaisha nalo. Asteroidi isiyopimwa hesabu zake huchakaa, mwisho hakuna ajuaye ilipo. Mwaka huu, uzee umeshatukuta, mkuu wa kituo akatuambia wazi: lisipoonekana kwenye picha za safari hii, litahesabiwa limepotea, na mwishoni mwa mwaka litabanduliwa ukutani.

Mume wangu akaja na mkongojo wake, akakaa nyuma yangu.

"Angalia vizuri, mama watoto," akasema. "Hilo ndilo pekee nitakaloliacha duniani."

Watoto wetu wawili sijui aliwaweka wapi.

Nikainamia mashine. Hii, ile, hii, ile. Pembeni kabisa, mbali na pale hesabu za zamani zilipoliweka, doa likaruka. Nililitambua mara moja, kama mtu anavyotambua mwendo wa mwanawe. Machozi yakanitoka, maana nililipenda jiwe lile, nililipenda kuliko nilivyowahi kumpenda yeye.

"Vipi?" akauliza.

"Halionekani," nikasema, nikazima taa ya mashine.