Galaksi Zinatukimbia

Joëlla, mwanafunzi wa fizikia, alikuwa akiishi mtaa wa Mutanga Sud kwa shangazi yake Rosette. Alasiri hiyo, programu yake ya kuonyesha jinsi ulimwengu unavyotanuka ilikubali kufanya kazi kwa mara ya kwanza. Kila nukta kwenye kompyuta ilikuwa galaksi, yetu ikiwa katikati, na zote zilikuwa zikiikimbia, za mbali kwa kasi zaidi kuliko za karibu.

Rosette alileta sahani ya maharage na ndizi, akatazama.

"Zinatukimbia? Siye tulizifanya nini?"

Joëlla alicheka. Jibu alilijua kwa kulisoma tu, hakuwahi kuliona kwa macho. Alibadilisha mstari mmoja, akahamishia mahali pa kutazamia kwenye galaksi ya pembeni kabisa, akaanzisha upya. Huko nako zote zilikimbia vilevile, hata yetu.

"Apana kukimbia, tantine," alisema taratibu, moyo ukimdunda kwa furaha. "Ni nafasi iko naongezeka kati yao. Kila mutu anajiona katikati."

"Basi hazituchukii," Rosette alisema, akavuta kiti. "Rudisha kwetu, nione tena."

Wakala sahani moja, wakizitazama galaksi zikiachana polepole.