Mpira Uliogoma Kutoka Golini

Jumamosi asubuhi, kabla wachezaji hawajafika, kocha Nicodim Turcea aliingia uwanjani na ndoo ya maji ya uvuguvugu na kipande cha fulana kuukuu. Akaenda hadi goli la upande wa mgodi na kuanza kuufuta mpira. Ulikuwa umening'inia hewani ndani ya goli, nyuma ya mstari, kona ya kushoto, usawa wa kifua chake. Vumbi la makaa huganda upesi pale mjini Lupeasa, hata sasa ambapo mgodi wenyewe umeshafungwa. Aliufuta mbele, akaufuta nyuma, akakamua kitambaa, kisha akaenda kupaka chokaa mistari.

Mpira huo aliupiga mwenyewe, enzi zake za kucheza. Enzi hizo mechi zilipangwa kwa heshima zote: wewe unashinda kwako, mimi nashinda kwangu, tunapeana mikono, msimu unaisha. Lakini siku timu ya wizara ilipokuja kutoka mji mkuu, hakukuwa na kwako wala kwangu. Bwana mmoja wa koti la ngozi alisimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo akasema wageni wasifungwe. Wachezaji wote waliitikia. Nicodim naye aliitikia, na hakuwahi kulikana hilo. Ila dakika za mwisho mpira ulimwangukia mguu wa kushoto, na mguu wa kushoto haukuwa umehudhuria kikao. Akaachia shuti, nyavu zikatikisika. Refa, Ovidiu Pralea, akainua mkono: ameotea.

Kuotea! Mabeki wawili walikuwa mbele yake, wanene, wanaonekana hata kutoka kituo cha treni.

Bao lilifutwa, mpira ukabaki. Kipa aliuvuta, mabeki wakauvuta, wazima moto wakaja na kamba. Wakakata nyavu, mpira ukaendelea kukaa palepale bila nyavu. Mwishowe uliletwa mpira mwingine na mechi ikaisha bila bila. Nicodim alifungiwa kucheza, akapelekwa chini ya ardhi kuchimba makaa.

Miaka kadhaa baadaye mkubwa wa nchi alitangaza ziara. Nyasi za Lupeasa zikapakwa rangi ya kijani, na wakuu wa mji, wakiwa hawajui waufiche vipi ule mpira, wakautundikia picha ya mkubwa mwenyewe. Ziara ikaahirishwa. Sasa nani atathubutu kuishusha picha ya mkubwa? Na nani, mwenye mke na watoto, atapiga shuti kuielekea? Picha ilikaa golini misimu miwili, na katika misimu hiyo miwili halikufungwa bao hata moja upande wa mgodi. Timu zilicheza upande mmoja na kupumzika upande wa pili.

Kisha utawala ukaanguka, picha ikashuka, mpira ukabaki. Nicodim alitolewa mgodini akapewa timu aifundishe, na hajaiacha tangu hapo. Makipa walizoea kutundika taulo zao kwenye ule mpira. Watu wa shirikisho la soka walikuja kukagua, wakala supu ya utumbo, wakanywa pombe ya plamu, wakaandika kwamba goli ni tupu. Wangeandika nini kingine? Kusema mpira upo ni kusema uliingia.

Ulishuka mara moja tu. Ulikuwa mwaka ambao timu ilishushwa daraja, na nyumbani hapakuzungumzwa jingine ila hilo na lile bao la zamani. Mkewe, Saveta, alikuwa anakunja nyama ndani ya majani ya kabichi, akachoka kabisa, akasema, "Labda kweli uliotea, Nicodim! Umeshawahi kulifikiria hilo?" Asubuhi mpira ulikutwa umeshuka shubiri nzima, kutoka usawa wa kidevu hadi usawa wa kifua. Nicodim hakumsemesha mkewe Kwaresima yote. Lakini Pasaka ni Pasaka, na yai jekundu la sikukuu hugonganishwa na la mwenzako, haligongwi peke yako.

"Kristo amefufuka," alisema akimnyooshea yai.

"Kweli amefufuka," Saveta akajibu, akaligonga. "Na lako ndilo limepasuka."

Yakaisha. Ila mpira haukupanda tena, na Lupeasa nzima ikaelewa: ikiwa neno la Saveta lilitosha kuushusha shubiri, neno la Nicodim mwenyewe lingeuangusha chini.

Jumamosi ile ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Wakishinda wanapanda daraja, wakitoka sare wanabaki. Msimamizi wa mechi aliyeletwa na shirikisho alikuwa Ovidiu Pralea, mzee sasa, mwenye fimbo na koti zuri. Wakati wa mapumziko, bila bila, aliteremka kutoka jukwaani akiwa ameshika kipaza sauti cha mtangazaji.

"Turcea. Bado upo tu?"

"Nipo. Na wewe bado unainua mkono?"

"Tumezeeka, bwana. Nimechoka kuulizwa habari zako kila niendako. Sema uliotea. Sema hapa, watu wako wasikie. Huo mpira uanguke, tuzikane kwa amani. Na kipindi cha pili kitawaendea vizuri, unanielewa."

"Nakuelewa sana. Lugha hiyo nilishaisikia mlangoni zamani."

Nahodha wake, Gelu Brânduș, mshambuliaji, alikuwa amesimama karibu na chupa ya maji mkononi. "Kocha, sema tu," akasema. "Ni maneno. Mwili haupungui. Mimi nakaribia kustaafu na daraja la juu naliona kwenye televisheni. Mpaka lini tutalibeba bao lako?"

Hayo yalimchoma Nicodim kuliko yote ya Pralea, kwa sababu Gelu alikuwa na haki ya kuyasema. Alimpenda yule kijana. Alikuwa amemfundisha tangu hajaweza kufunga kamba za viatu. Akaushika mkono wa Pralea, akakitoa kipaza sauti ndani yake. Jukwaani watu waliacha kutafuna mbegu za alizeti.

"Sikuotea," alisema. "Haya, endeleeni na mbegu zenu."

Kisha Saveta akasimama katikati ya jukwaa, kitambaa kichwani, mfuko wa mbegu mkononi. "Hakuotea!" akapaza sauti. "Na mimi siku ile jikoni nilikosea, mnisikie wote!"

Mpira ukapanda shubiri nzima, ukarudi ulipokuwa zamani. Taulo ya kipa ikaanguka. Kipa akaiokota, akairudisha.

"Mzee mbinafsi wewe," Gelu alimwambia kocha wake, akatema mate, akaingia uwanjani.

Alicheza kwa hasira, na hasira ilimfaa. Dakika za mwisho aliwapita mabeki, akamvutia kipa wa wageni nje ya goli, akauinua mpira juu ya mikono ya kipa huyo, upande wa mgodi, kona ya kushoto. Mpira ukavuka mstari, ukaugusa ule wa zamani, ukatulia kando yake. Kipa akaruka kuushika. Ukakataa.

Refa, kijana wa watu, akatazama jukwaani. Pralea aliweka fimbo chini, akainua mkono. Refa akapuliza: ameotea. Mpira mwingine ukaletwa, mechi ikaisha bila bila.

Watu walipiga mayowe, wakarusha mifuko ya mbegu, wakamtukania Pralea mama yake na mama wa mama yake. Pralea aliwasikiliza hadi walipochoka. Kisha akamwendea Gelu, ambaye bado alikuwa amesimama golini.

"Wewe una akili, nilikusikia," akamwambia. "Mwenzako ni mbishi. Sema uliotea, huo wako uanguke, nami nitawatafutia mechi ya marudio. Mtashinda. Ni maneno tu, kijana."

Nicodim aliinama akaanza kukusanya koni za mazoezi. Hakutaka Gelu aone uso wake. Aliogopa, na aliona ni haki kijana achague bila kutazamwa.

Gelu akanyoosha mkono akaugusa mpira wake. Ulikuwa bado na joto la mguu.

"Yule beki namba tano alikuwa mbele yangu," alisema. "Nilisikia anapumua." Akamgeukia Pralea. "Maneno tu, siyo? Basi shika haya: sikuotea. Nenda kanywe supu yako, mzee, inapoa."

Timu ilibaki daraja lilelile. Shirikisho liliandika bila bila. Vuli ya mwaka huohuo Pralea alivishwa nishani ya utumishi uliotukuka, na picha yake ikatoka magazetini akiwa ameinua mkono kuwapungia watu.

Jumamosi ya kwanza ya msimu mpya, Nicodim alifika na ndoo yake akamkuta Gelu ameshatangulia, ana kitambaa, anausugua mpira wake kwa nguvu zote.

"Taratibu," Nicodim akasema. "Utautoa rangi. Huo utakaa."

Wakafuta, kila mtu wake, wakaimwaga ndoo nyuma ya goli. Kipa alipokuja alitundika taulo kwenye ule wa zamani na jaketi kwenye ule mpya. Kisha refa akafika, akalikagua goli, akaandika kwamba ni tupu, akapuliza filimbi mechi ianze.