Woga Alipojitanda Kanga ya Siri

Asikuambie mtu kwamba mwalimu hachoki. Jumamosi ile Mwalimu Wakesho alirudi nyumbani kwake, humo humo ndani ya ua wa shule, akauacha wali mezani umefunikwa, akajilaza kwenye kochi na viatu miguuni. Asubuhi hiyo naibu wa mwalimu mkuu, Madam Saru, alikuwa amefanya lile zoezi ambalo shule yao ya bweni ilikimbilia kila ilipoingiwa na hofu: kila msichana wa kidato cha tatu hupewa kipande cha karatasi, aandike, bila kujitaja, jina la mwenzake anayemshuku kuwa anapenda wasichana. Vipande kumi na kimoja vilitoka na jina la Mkawasi. Barua ya kumfukuza ikawa tayari kabla ya chai ya saa nne, ikabaki sahihi moja tu, ya mwalimu wa ushauri nasaha, naye ndiye huyo Wakesho. "Utie sahihi kabla ya jioni, mama yake anakuja," alisema Madam Saru kwenye kikao cha walimu, utadhani anaagiza chaki. Na Wakesho, jamani, alikuwa anajua! Muhula uliopita Mkawasi alikaa ofisini mwake akisokotasokota ncha ya sweta mpaka uzi ukafumuka, akamwambia, "Mwalimu, ndivyo nilivyo. Sijamwambia mtu mwingine." Wakesho akaahidi kumtunzia siri. Basi leo kikaoni akajiambia kwamba kunyamaza ndiko kuitunza. Hakusema ndiyo, hakusema la. Usingizi ukamchukua akiwa bado anajitetea.

Akajiona katika nchi asiyoijua, nchi ya vilima vyekundu na mchana usiokwisha, na barabara moja pana ikitoka kwenye lango kubwa la shule. Watoto walikuwa wakitoka langoni hapo mmoja mmoja, kila mtu na sanduku lake la bati kichwani: wasichana wanaopenda wasichana, wavulana wanaopenda wavulana, na wengine ambao hata hawajajijua vizuri ila majina yao yameandikwa. Hakuna aliyelia, na hilo ndilo lililomtisha. Langoni alikaa Uvumi, jitu la mashavu manene, likitafuna vipande vya karatasi na kutema majina. Kando yake alisimama Bibi Sifa-ya-Shule, mavazi meupe pepepe, akipiga ukelele kila vumbi lilipomgusa: "Watoke! Watanichafua!" Lo, mwanamke yule alikuwa na sauti! Wakesho alipokuwa ameduwaa hivyo, mkono laini ukamshika kiwiko. Akageuka, akamwona mtu aliyejitanda kanga nzuri kutoka utosini hadi vifundoni. "Usihangaike, mwalimu," akanong'ona. "Mimi naitwa Siri. Nifuate, wala usifungue mdomo, maana aliyekabidhiwa neno hupita mbali na wenye kelele." Akamtembeza kandokando ya ukuta, kivulini, huku watoto wakienda juani. Kila Wakesho alipotaka kumwita mmoja wao, mwenyeji wake alimwambia, "Ukimwita utamfichua," naye akanyamaza, hata akashukuru. Maneno yale yalikuwa matamu, na kivuli kilikuwa na ubaridi mzuri.

Walipofika kisimani wakamkuta mwanamke mwingine, mabega wazi, akiwatekea watoto maji, kila mmoja kata yake, bila kumuuliza huyu habari za yule. Alipoinua macho alicheka kwa hasira. "Na wewe! Kanga yangu umeizoea hivyo?" Kisha akamgeukia Wakesho. "Dada, Siri ni mimi. Niliyoambiwa hayatoki kinywani mwangu, hata kwa kisu. Lakini mtoto akifukuzwa mbele ya macho yangu, nasimama katikati ya njia nikatanua mikono. Kutunza neno la mtu ni kumlinda aliyelisema. Sasa huyo unayemfuata, tangu langoni mpaka hapa, amemlinda nani?" Wakesho akamgeukia mwenyeji wake. Akanyoosha mkono akaivuta ile kanga, na ndani yake, ala! alikuwamo Woga, kakonda, anatetemeka, na miguuni amevaa viatu vyake yeye Wakesho. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Kule mbele alimwona Mkawasi akiukaribia mgongo wa kilima, sanduku likimyumbisha. "Mwite," Siri akasema. "Huna haja ya kutaja zaidi ya jina lake." Sauti ikagoma. Akaivuta kutoka chini kabisa tumboni, kwa nguvu zote: "Mkawasi!"

Kelele yake mwenyewe ndiyo iliyomwamsha. Jua lilikuwa bado juu, na wali umepoa. Akakaa kitako, na mambo yakamjia peupe: asubuhi ile hakuwa akimficha mtoto, alikuwa akijificha yeye. Angeweza kukataa kutia sahihi, akasema kwamba mtoto hafukuzwi kwa karatasi zisizo na mwenyewe, na asiguse hata neno moja aliloambiwa ofisini. Mbona hakuliona hilo? Alitaka kulia, akaona hana wakati. Lakini hakwenda kwanza kwa mwalimu mkuu, alikwenda bwenini.

Mkawasi alikuwa ameketi kwenye kitanda kitupu, shuka zimekunjwa mapajani. Akasimama upesi. "Shikamoo, mwalimu. Umeleta barua?"

"Marahaba. Sijatia sahihi, wala sitii. Mama yako akifika atanikuta kwa mwalimu mkuu, na uliyoniambia yatabaki yako." Wakesho akaketi ukingoni mwa kitanda. "Asubuhi nilinyamaza kwa sababu niliogopa, Mkawasi. Nisamehe."

Msichana akamkodolea macho tu. Nadhani hakuwahi kuombwa msamaha na mwalimu tangu darasa la kwanza.

"Unataka nikawaambie nini?"

Tangu asubuhi watu wazima walikuwa wamemjadili wee, na hakuna aliyemuuliza yeye. Mkawasi akafikiri kidogo, akapangusa pua kwa kiganja.

"Waambie nina mtihani wa kemia Jumatatu," akasema, akazikunjua shuka na kuanza kutandika kitanda.