Walimu wa Saa

Boitshoko na Radipitse walikuwa wamefundisha uchomeleaji katika chuo kimoja cha ufundi mjini Palapye, Botswana, kwa miaka mingi, karakana moja, hata miwani ya kukinga cheche wakiazimana. Kisha chuo kikapunguza ajira za kudumu. Mkuu wa chuo aliwaita, akawaambia nafasi imebaki moja. Atakayeikosa atalipwa kwa saa anazofundisha. Walifanyiwa usaili siku moja. Boitshoko akaipata, akafanywa pia mkuu wa idara.

Radipitse alimpa mkono wa pongezi mbele ya watu. Lakini tangu hapo, kengele ikilia tu, alivua aproni, akanawa, akaondoka. Alikuwa ameshapata vipindi vingine katika miji ya Serowe na Mahalapye. Wanafunzi waliozoea kumuuliza maswali baada ya kipindi wakahamia kwa Boitshoko, naye akawa wa mwisho kutoka chuoni.

Siku moja Boitshoko alimfuata Radipitse mpaka kwenye gari lake.

"Kaa kidogo, Rra. Kuna chai na magwinya, maandazi ya moto."

"Chai hiyo ni yenu mlioajiriwa, Mma. Nikichelewa Serowe wananikata malipo."

"Umenikasirikia?"

Radipitse alicheka, akawasha gari. "Ningeipata mimi, wewe ndiye ungekuwa unakimbia saa hizi. Nami ningekuletea chai."

Boitshoko alibaki amesimama pale mpaka gari likapotea. Hakuona kuwa alichosema Radipitse ni uongo, na hilo ndilo lililomuuma.

Alikwenda kwa mkuu wa chuo kuomba walimu wa saa walipwe pia muda wa kuwasikiliza wanafunzi. Mkuu alimsikiliza kwa upole, akasema bajeti haina fungu hilo.

Mwaka uliofuata kampuni ya mgodi ikamchukua Radipitse awafunze mafundi wake, ajira ya kudumu pamoja na nyumba. Vipindi vyake vikagawiwa watu watatu, kila mmoja na siku yake.

Asubuhi moja Boitshoko alimkuta mwanamume mwenye ovaroli mlangoni mwa karakana. Akamuuliza kama ndiye aliyetumwa kutengeneza feni.

"Hapana, Mma. Nafundisha hapa kwa saa. Tangu muhula uliopita."

Boitshoko alimwomba radhi, akamtajia jina lake, akamwonyesha mtungi wa gesi ambao valvu yake haifungi vizuri. Yule bwana alishukuru, akasema hakuna aliyewahi kumwambia. Kisha akaingia ndani. Wanafunzi walikuwa wameshakaa.