Maji ya Maonyesho

Binti yangu alishikwa na uchungu siku ile ile ambayo wanafunzi kutoka ng'ambo walikuja zahanati kutufundisha kunawa mikono. Bahati gani hiyo! Walipanga meza uani, mabeseni ya kila rangi, sabuni zinazonukia matunda. Watoto wa shule wakawekwa foleni waimbe wimbo wa kunawa, na mpiga picha hakutulia hata kidogo.

Ndani, mkunga alifungua bomba la chumba cha kujifungulia, likatoa upepo tu. Tangi letu hujazwa na lori, na wiki hiyo lori halikuonekana. Maji kidogo yaliyobaki, daktari mkuu alikuwa ameamuru yapelekwe uani, eti wageni wasije wakaaibika mbele ya kamera.

"Mama, nitafutie maji," mkunga aliniambia. "Hata ndoo moja. Mtoto yuko njiani, na mikono hii imetoka kusafisha kidonda."

Nilitoka mbio na ndoo yangu. Msichana mmoja mwenye fulana ya kijani, tabasamu hadi masikioni, akanipokea ndoo, akaiweka chini, akanitia sabuni kiganjani. Nikamgeukia mkalimani wao, kijana wetu wa hapa hapa.

"Mwambie nataka maji! Mwanangu anajifungua!"

"Tulia basi, mama, tunarekodi. Nawa kwanza, utapewa."

Wakaninawisha. Kidole baada ya kidole, mpaka kwenye kucha, watoto wanaimba, msichana anapiga makofi. Nilipoinua ndoo tena, maji safi yalikuwa yamekwisha. Maji yote yalikuwa mabesenini, meusi, yamejaa povu. Nikarudi kwa mkunga na mikono misafi na ndoo tupu. Alijifuta kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Angefanyaje?

Mjukuu alitoka salama. Mama yake alishikwa na homa, tumbo likavimba, dawa zisifue dafu. Tukamzika kabla hajakubaliana na mumewe jina la mtoto.

Yule msichana alikuja msibani. Alilia hadi akaketi chini. Wanawake waliokuwa wamenishika mimi wakaniachia, wakakimbilia kumpepea yeye, maskini, mtoto wa watu, yuko mbali na kwao. Daktari mkuu akainama sikioni mwangu.

"Mama, mpe neno la kumfariji. Wanaondoka kesho."

Nikaenda nikamshika yule msichana mikono, nikamwambia mkalimani, "Mwambie maji mliyoyachezea ndiyo yaliyomuua mwanangu. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze hata neno."

Mkalimani akasema na msichana kwa lugha yao, taratibu, kwa sauti ya upole. Msichana akanitazama, machozi yakimtiririka, akanikumbatia kwa nguvu zake zote. Kisha, kwa maneno machache ya kwetu aliyokuwa amejifunza, akaniambia, "Asante sana, mama."